Yamaha DT 125 ya zamani: mipira ya hewa, upi unaenda wapi na upi ndio mchawi?

#1 Livingstone_Kusini (Njombe)

Wakuu, salamu. Niende moja kwa moja.

Nimepata Yamaha DT 125 mnadani, ile ya mipigo miwili inayopozwa na upepo. Ilikuwa ya mradi fulani Tanga, mradi ukafa, pikipiki ikalala stoo miaka. Sasa iko kwangu Njombe. Gia zinaingia vizuri, chesisi haina kutu, rimu zimenyooka. Shida yake ni pumzi.

Asubuhi haisumbui kuwaka. Ikishapata moto, sailensa (mzunguko wa injini bila resi) inapanda yenyewe. Nikipiga resi nikaachia, haishuki, inabaki inalia huko juu mpaka itakapoamua yenyewe kurudi. Mlimani inakohoa. Juzi imekamata: tairi la nyuma limegoma ghafla, bahati mkono ulikuwa kwenye klachi. Ilipopoa nikapiga kiki, ikawaka bila aibu. Plagi nimeitoa, ni nyeupe pee.

Nikavua siti na tanki. Nimekuta mpira mkubwa wenye mikunjo unaotoka kwenye boksi la chujio kuja mgongoni mwa kabureta. Kuna mpira mfupi mgumu kati ya kabureta na silinda. Kuna kimpira chembamba kilichochomekwa ubavuni mwa huo mfupi, mwisho wake umezibwa kwa kifuniko cha kalamu. Na vingine viwili chini ya kabureta vinaning'inia tu, havijashika popote.

Kila fundi ana lake. Kuna aliyesema nibadili kabureta, kuna aliyesema pistoni, na mmoja aliizunguka kimya kisha akaniuliza naiuza bei gani.

Upi unaenda wapi, na upi ndio unanitesa?

#2 Ngoja_Nisome

Naweka kambi hapa. Waje wenye fani.

#3 fundi_kimya (Gerezani)

Mkuu, mchawi wako ni ule mpira mfupi. Hewa ikipenya baada ya kabureta, inaingia silinda bila kuchukua petroli. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, sailensa inapanda, resi haishuki, plagi inaungua nyeupe, na kwenye mipigo miwili pistoni inakamata, kwa sababu petroli ndiyo inayobeba oili. Petroli ikipungua na oili imepungua.

Usiukague ukiwa umefungwa, utakudanganya. Ufungue, uushike kwa mikono miwili, uukunje kwa dole gumba kuelekea nje. Nyufa ziko chini kwenye shingo, pale unapoungana na kile kibati cha boliti, upande unaotazama injini. Ukiachia zinajifunga, unaona mpira mzima kabisa. Nimeshaletewa iliyopakwa rangi nyeusi ya viatu ikauzwa kama mpya.

Kabla ya kufungua, washa, acha sailensa, pulizia dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kuzunguka maungio. Mlio ukibadilika, umepata tundu. Pulizia mbali na ekzosi na waya wa plagi, ile dawa inashika moto.

#4 Chuma_Chakavu

Kwa nini asizungushie tyubu ya baiskeli na waya? Yangu iko hivyo tangu enzi na inakula lami Tunduma kwenda na kurudi.

#5 fundi_kimya (Gerezani)

@Chuma_Chakavu watu wa tyubu na waya ndio wanaonilipia ada za watoto. Endelea hivyohivyo mkuu.

#6 Bwana_Shamba_Mstaafu

Vijana hamjambo. Hizi DT, pamoja na Honda XL na Suzuki TF, ndizo tulizofanyia kazi ya ugani. Nimeiendesha masika na kiangazi, kwa hiyo ngoja niseme kitu ambacho naona hakuna aliyekigusa.

Hicho kifuniko cha kalamu. Kimpira chembamba cha ubavuni si cha hewa, ni cha oili. DT ina pampu ya oili upande wa kulia, inavuta oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) kutoka tenki dogo la pembeni na kuitia kwenye njia ya hewa. Kwenye baadhi kinaingilia kwenye mpira wa kabureta, nyingine kwenye kabureta yenyewe. Mwishoni mwa kimpira hicho ilitakiwa iwe pampu, sasa imekuwa kalamu. Maana yake kuna mtu aling'oa pampu.

Kwa hiyo kabla ya mambo ya nyufa, nikuulize mwanangu: petroli unaichanganya na oili, au unajaza oili kwenye lile tenki la pembeni tu?

#7 Ngoja_Nisome

Duh. Hapa ndipo uzi ulipoanza.

#8 Livingstone_Kusini (Njombe)

Shikamoo mzee wangu. Nachanganya, niliambiwa hivyo palepale mnadani. Naweka nusu lita ya 2T kwa lita 20 za petroli. Lile la pembeni limejaa na halijapungua hata tone. Nimeangalia chini kulia, pampu ilipokuwa kumefungwa kibati cha bati la debe na gasketi ya kukatwa kwa mkono.

#9 mzee_wa_tutii (Moshi)

Nusu kwa 20 ni moja kwa arobaini. Kwa injini ya umri huo ni kidogo. Sisi tulikuwa tunaweka lita moja kwa 20 na haikamati ng'o. Uzi ufungwe.

#10 kirinyaga_spea (Nairobi)

@mzee_wa_tutii heshima mzee, lakini hapo umeruka mtaro ukaangukia kisimani. Ukiongeza oili kwenye petroli, kila tone linalopita kwenye jeti (kitundu cha kupimia petroli ndani ya kabureta) lina petroli kidogo zaidi. Mchanganyiko wa hewa unazidi kuwa mwepesi. Injini tayari inalia njaa, wewe unaipunguzia ugali unaiongezea mafuta ya kupaka. Oili za siku hizi moja kwa arobaini inatosha kabisa kwa mtu asiyekimbiza mashindano.

#11 mzee_wa_tutii (Moshi)

Hesabu ni zenu. Mimi yangu haikukamata.

#12 NesiWaZamu

Kuhusu hicho kifuniko: vifuniko vya kalamu nyingi vina tundu kwenye ncha. Vimewekewa makusudi, mtoto akikimeza hewa iendelee kupita. Sasa kama ni cha aina hiyo, pikipiki yako inapumulia humo. Mtoto anapona, pistoni haiponi 😄

#13 Livingstone_Kusini (Njombe)

Dada NesiWaZamu, nimeenda kukitazama na tochi ya simu. Tundu lipo. Nimeziba kwa kidole ikiwa sailensa, mlio umeshuka kidogo. Kidogo, sio sana.

#14 fundi_kimya (Gerezani)

Safi. Ng'oa hicho kimpira chote, chuchu yake (kibomba kilipochomekwa) izibe kwa kipande cha mpira wa mafuta kilichotiwa boliti, funga klipu pande zote mbili. Usizibe kwa njiti wala gundi. Lakini umesema "kidogo, sio sana", kwa hiyo kuna kwingine.

#15 injinia_wa_mtaani

Wakuu, kuna jambo halikai sawa. Tundu dogo la hewa linaonekana zaidi pale kabureta ikiwa imefungwa, yaani sailensa, kwa sababu hewa halali inayopita ni kidogo. Ukifungua resi mpaka mwisho, hewa inayopita kwenye kabureta ni nyingi mno, tundu la kalamu halina uzito tena. Yeye amesema inakohoa mlimani, resi imefunguliwa. Hapo ni njaa ya petroli kwenye jeti kubwa: uchafu wa tanki lililolala stoo, koki ya mafuta iliyoziba nusu, au floti (boya la kikombe cha kabureta) imekaa chini. Mipira isingiziwe kila kitu.

Fungua koki, toa mpira wa petroli kwenye kabureta, acha itiririke kwenye chupa. Ikitiririka kwa nguvu kisha ikaanza kudondoka matone, tazama tundu la pumzi kwenye kifuniko cha tanki.

#16 Chuma_Chakavu

Floti, jeti, koki. Haya sasa ni mpira upi?

#17 injinia_wa_mtaani

Ni ule wa masikio.

#18 kirinyaga_spea (Nairobi)

😂😂 Nairobi tumesikia.

Kwa mwenye uzi: mpira mfupi ukiwa umekufa, wa orijino wa DT hupatikana kwa kuagiza, na bei yake itakufanya ukae chini. Wengine hapa Kirinyaga Road hukata kipande cha hozi ya rejeta, wanafunga klipu mbili, maisha yanaendelea. TF yangu ilitembea hivyo bila shida.

#19 fundi_kimya (Gerezani)

@kirinyaga_spea hapana kaka. Hozi ya rejeta imetengenezewa maji ya moto, si petroli. Ikilowa petroli inavimba, inalegea, ngozi ya ndani inabanduka vipande. Vipande vinaenda wapi? Kwenye vibati vya ridi, vile vinavyofungua na kufunga njia ya hewa kuingia injini. Ukilazimika, tafuta hozi ya mafuta ya kipenyo kikubwa, zile zilizoandikwa kwamba ni za petroli. Na silikoni ya gasketi ni hivyohivyo: ukiipaka sehemu inayopata petroli, baada ya muda inageuka utando wa jeli. Gasketi ya karatasi, uso ulionyooka, basi.

#20 kirinyaga_spea (Nairobi)

Sijakataa, nimesema tu ilitembea. Nilimuuzia mtu kabla haijavimba.

#21 Ngoja_Nisome

Huyo aliyeuziwa ndiye mwenye uzi wa pikipiki inayozima Naivasha, wiki iliyopita. Mtafute umwombe msamaha.

#22 Dodoma_Vumbi

Jamani mmekimbilia nyuma ya kabureta, mbele mmepaacha. Ule mpira mkubwa wa mikunjo kutoka boksi la chujio je?

Huku kwetu ndio muuaji namba moja. Watu wanasema ukipasuka hakuna neno, eti hewa ni hewa. Si kweli. Kabureta ilipangiwa jeti zake ikiwa inavuta kupitia boksi na chujio. Ukiondoa kizuizi, inavuta hewa zaidi kwa petroli ileile, tayari umekuwa mwepesi. Pili, vumbi. Linapita kwenye ufa, linalowana na oili, linakuwa msasa. Kwenye mipigo miwili hewa inapita kwanza kwenye nyumba ya krenki (chumba cha chini ya pistoni), kwa hiyo beringi za krenki nazo zinakula mchanga kabla ya silinda.

Namna ya kukagua: toa kifuniko cha boksi, toa chujio, ingiza tochi ndani ya boksi, mwenzio aangalie kwa nje gizani. Mwanga ukitokea kwenye mkunjo, umepasuka. Halafu ingiza kidole uzungushe kwenye mdomo unaokaa kwenye kabureta. Mara nyingi mdomo wa chini umejikunja ndani, kwa juu unaonekana umekaa sawa na klipu imekaza, chini kuna mwanya wa kupitisha kidole kidogo. Fundi anapochomeka kabureta kwa haraka hauoni.

Na chujio lenyewe likoje? Usiniambie sponji ya godoro.

#23 Livingstone_Kusini (Njombe)

Ni sponji ya godoro.

#24 Dodoma_Vumbi

Nilijua.

Godoro linayeyuka likirudishiwa mvuke wa petroli. Linakatika punje punje, zinavutwa. Nunua sponji ya chujio yenye vinyweleo vilivyo wazi, ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke, kisha ilowe oili ya chujio au hata oili ya injini, ikamue. Sponji kavu haikamati vumbi jembamba.

#25 Bwana_Shamba_Mstaafu

Hilo nalithibitisha. Tuliokuwa Singida tulikuwa tunaosha kila Ijumaa jioni, asiyeosha Jumatatu anakwenda kwa wakulima kwa miguu.

#26 MamaKadala

Samahani nichomekee. Nina pikipiki mbili za bodaboda, injini zile za CG (muundo wa Honda) za mipigo minne. Moja ina dalili hizohizo, resi haishuki. Haya mnayosema yananihusu au ni ya hizo za oili tu?

#27 fundi_kimya (Gerezani)

Yanakuhusu mama, ila kwako tundu linakaa kwingine. Kwenye CG kabureta inafungwa kwa boliti mbili, katikati kuna kipande cheusi cha kuzuia joto na oringi. Vijana wanakaza boliti mpaka uso wa kabureta unapinda kama upinde, masikio yanakaa chini, katikati inanyanyuka, hewa inapita. Toa kabureta, weka msasa laini juu ya kioo, sugua uso taratibu kwa mduara mpaka alama ya msasa ifike pande zote. Badili oringi. Kaza kwa zamu, huku kidogo, huku kidogo, acha kabla mkono haujataka kuonyesha nguvu.

Na ukinunua kabureta nyingine pima kwanza umbali wa matundu ya boliti. Injini za CG zimenakiliwa na viwanda vingi, si zote zinaingiliana.

#28 MamaKadala

Ahsante. Mmoja wa vijana wangu ndiye mkaza boliti, nitampa asome uzi huu.

#29 Vespa_Forodhani (Unguja)

Asalaam alaykum. Nyinyi mna bahati mna mpira wa kupasuka. Sisi wa Vespa za P, kabureta imelala juu ya nyumba ya krenki moja kwa moja, ndani ya kisanduku chake. Hakuna ridi wala mpira mfupi. Krenki yenyewe ndiyo mlango wa hewa, inapozunguka inafungua na kufunga. Mpira tulionao ni ule wa mikunjo unaounganisha bodi na kisanduku, hewa inavutwa kutoka chini ya siti. Chumvi ya bahari na joto vinaukausha, unapasuka kwenye mikunjo.

Lakini nilitaka kusema hivi: dalili alizotaja bwana wa Njombe, resi kuning'inia, plagi nyeupe, kukamata, kwetu tukiziona hatusemi mpira. Tunasema oili sili (pete ya mpira inayoziba) ya krenki upande wa magneto, ile inayozalisha umeme wa plagi. Krenki ya mipigo miwili ni sehemu ya njia ya hewa. Sili ikikauka, hewa inaingilia huko. Pikipiki iliyolala stoo miaka, sili ndizo za mwanzo kufa. Kaeni mnapulizia dawa mipira yenu.

#30 injinia_wa_mtaani

Hoja nzito hii. Na zingatieni kwamba sili ziko mbili. Ya upande wa klachi ikifa, injini inavuta oili ya gia, inatoa moshi mwingi mweupe na oili ya gia inapungua. Ya upande wa magneto ikifa, inavuta hewa tupu, hakuna moshi, unabaki unashangaa. Mwenye uzi, moshi ukoje?

#31 Livingstone_Kusini (Njombe)

Moshi wa kawaida wa 2T. Oili ya gia iko kwenye alama.

#32 NesiWaZamu

Kwa kupima sili bila kupasua injini: toa ekzosi uzibe tundu lake kwa kipande cha mpira na kibati, toa kabureta uzibe mdomo wa mpira mfupi kwa kizibo chenye bomba dogo. Pistoni ikae chini kabisa ili njia ziwe wazi. Halafu chukua pampu ya mashine ya kupimia presha ya damu, ile ya mkono yenye saa. Pandisha mpaka karibu 300, hiyo ni kama psi 6 hivi, funga valvu. Kama injini imeziba, mshale unatulia au unashuka polepole sana. Ukianguka, paka maji ya sabuni kwenye maungio yote uone povu linatokea wapi. Hakuna povu nje lakini mshale unashuka, basi ni ndani. Fungua kifuniko cha magneto upake na huko.

Kaka yangu ndiye alinifundisha. Usizidishe presha, utazitoa sili mahali pake mwenyewe.

#33 Chuma_Chakavu

Pikipiki ina presha 😂 Daktari akuandikie vidonge.

#34 mzee_wa_tutii (Moshi)

Nesi, hiyo pampu ya hospitali ikirudi wodini imejaa oili utamwambia nini Matroni?

#35 NesiWaZamu

Ni yangu, nimeinunua kwa hela yangu mzee wangu. Ya wodini ilishakufa.

#36 kijiko_cha_mafuta (Iringa)

Nimesoma yote. Hakuna aliyeuliza ametoka nayo wapi kwenda wapi. Tanga iko usawa wa bahari. Njombe iko karibu mita 2,000 juu. Kila mita 1,000 hewa inapungua uzito kama asilimia 10. Kabureta haijui umepanda mlima, inatoa petroli karibu ileile. Kwa hiyo pikipiki ya pwani ikifika Njombe inatakiwa iwe nzito: plagi nyeusi, moshi mwingi, nguvu imepungua.

Yake ni nyeupe. Maana yake hewa ya wizi ni nyingi kiasi cha kufuta hiyo faida yote ya mwinuko na kuzidi. Hilo si tundu la kalamu.

#37 injinia_wa_mtaani

Au mtu aliyewahi kuileta nyanda za juu alishaweka jeti ndogo. Au jeti imeziba nusu, ambayo nilishasema #15 nikaitwa wa masikio.

#38 Chuma_Chakavu

Uliyeitwa masikio ni mimi.

#39 mzee_wa_tutii (Moshi)

Na mafuta ya taa mmeyasahau? Petroli iliyochakachuliwa inagonga ndani, joto linapanda, pistoni inakamata. Zamani ilikuwa kila kituo.

#40 kijiko_cha_mafuta (Iringa)

Mzee, tangu EWURA (wadhibiti wa nishati na maji) waanze kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata mafuta ya taa yakapandishwa kodi mpaka bei ikasogelea dizeli, uchakachuaji wa mafuta ya taa hauna faida kama zamani. Kwenye chupa za maji barabarani vijijini ndiko siwezi kuapa. Ila petroli mbovu haifanyi resi ining'inie.

#41 Ngoja_Nisome

Hivyo vimpira viwili vya chini ya kabureta vinavyoning'inia, kuna jamaa kaniambia nje ya uzi nizibe vya kwangu kwa skrubu maana vinaingiza vumbi. Sawa?

#42 fundi_kimya (Gerezani)

Usithubutu. Kimoja ni cha kumwaga petroli ikizidi kwenye kikombe, kingine ni cha pumzi ya kikombe chenyewe. Ukiziba cha pumzi, petroli haishuki kwenye jeti, utazima baada ya kilomita chache na utasingizia plagi. Vielekeze chini nyuma ya injini, mbali na ekzosi na mnyororo, visikunjwe. Basi.

Ndio maana sipendi ushauri wa nje ya uzi.

#43 Dodoma_Vumbi

Vya kwangu viliwahi kukaliwa na nyigu wa tope. Ilinichukua muda kuamini.

#44 kirinyaga_spea (Nairobi)

Nyigu hapa kwetu hupenda tundu la tanki. Wana akili kuliko mafundi wengine.

Nami niulize: ridi zenyewe mmezitazama? Vibati vikiwa vimekatika ncha au havilali vizuri, injini inatema petroli kurudi nyuma kwenye kabureta, chujio linalowa. Sponji yake ya godoro ilikuwa imelowa petroli?

#45 Livingstone_Kusini (Njombe)

Wakuu, marejesho. Picha zimegoma kupanda, mtandao huku leo ni wa kubembeleza.

Kalamu nimeondoa, chuchu nimeiziba kwa mpira na boliti kama fundi_kimya alivyosema. Sailensa imeshuka, lakini ikipata moto inapanda tena, ingawa si kwa kiwango kile. Sponji ilikuwa na unyevu, ila sijui ni petroli au ni oili niliyoweka mwenyewe. Ridi nimezishika kwenye mwanga wa dirisha: upande mmoja zimelala, mwingine naona mwanga mwembamba wa unywele.

Mpira mfupi nimeukunja kwa dole gumba. Kuna nyufa, lakini naona haziendi mpaka ndani. Nimepulizia dawa: pale haibadiliki. Nikapulizia karibu na kifuniko cha magneto, ikabadilika. Kuna upepo wa Makambako ulikuwa unavuma siku ile kwa hiyo sina hakika dawa ilifika wapi.

Na mlimani, kusema kweli ilikamata nilipokuwa nimeshafika juu na nimefunga resi, naanza kuteremka.

#46 Vespa_Forodhani (Unguja)

Magneto! Nilisema.

#47 injinia_wa_mtaani

"Nilikuwa nimefunga resi" hukutuambia mwanzo, mkuu. Hilo linabadilisha mambo. Ukipanda mlima injini imechemka, ukafunga resi ghafla kwenye mteremko, kabureta imefungwa, petroli inapita kidogo sana, na kwa wewe unayechanganya kwenye tanki, oili nayo inapita kidogo sana. Injini inazunguka kwa kasi bila kulainishwa vya kutosha. Wenye pampu walikuwa wanapona hapo kidogo, kwa sababu pampu inasukumwa na injini. Hata pikipiki nzima isiyo na tundu inaweza kukamata namna hiyo. Ukiteremka, bana klachi au fungua resi kidogo mara kwa mara.

#48 Bwana_Shamba_Mstaafu

Ndio maana mimi nasema arudishe pampu. Yamaha hawakuiweka kwa mapambo.

#49 mzee_wa_tutii (Moshi)

Pampu ikivuta kiputo cha hewa unakamata vilevile, na hapo hakuna anayekuonya. Lita moja kwa 20.

#50 kirinyaga_spea (Nairobi)

Huyu mzee ana hisa kwenye kiwanda cha oili.

#51 fundi_kimya (Gerezani)

Nyufa zisizofika ndani leo zitafika kesho kabureta ikichemka, mpira wa moto unatanuka. Pulizia tena ikiwa imechemka kabisa, pasipo upepo, na uweke gazeti kati ya silinda na magneto ili dawa isikimbie. Mimi bado niko kwenye mpira mfupi. Kutazama kwa mwanga wa dirisha si kipimo.

Na ukiuchomeka mpya, uloweke kwenye maji ya moto kwanza, ulainike. Usiusukume kwa bisibisi, ndivyo unavyochanika siku ya kwanza.

#52 NesiWaZamu

Au apime kwa presha tuache kubishana.

#53 Livingstone_Kusini (Njombe)

Dada, pampu ya presha nimeahidiwa na mtu wa duka la dawa. Kabla ya hapo nataka kufungua upande wa magneto nitazame sili kwa macho. Nani yuko Njombe au Makambako ana pula (kifaa cha kung'olea) ya magneto ya DT? Fundi mmoja alitaka aing'oe kwa nyundo na patasi, nikamshukuru nikasukuma pikipiki nyumbani.

#54 kisahani_makambako

Ninayo. Haiazimwi, inakuja na mwenyewe. Jumamosi mchana, ukinihakikishia kuna chai na hakuna fundi mwingine.

#55 Ngoja_Nisome

Wakuu mkimaliza hii, yangu ni TF 125, tatizo lake inawaka ikiinamishwa kushoto tu. Nifungue uzi mpya au niendelee hapahapa?

#56 Chuma_Chakavu

Ifunge tyubu ya baiskeli.